Ami alisema kwetu hakuna sukari

Assalaam aleikum, Mama Mshauri,

Nina miaka 31, naishi South B, Nairobi, na kazi yangu ni ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Nyumbani ni Mumias. Ule utani naujua: nyinyi wa miwa, sukari itawakosaje? Baba alikuwa akiucheka mpaka siku alipokatwa kidole cha mguu.

Baba aligunduliwa na ugonjwa wa sukari akiwa na miaka 43, na hakuwa mnene hata kidogo. Aliishi nao miaka kumi na sita, akafariki 2019 figo zilipokataa. Nyanya yetu, mamake baba, alikuwa nao pia. Dada yangu mkubwa ilimpanda akiwa mjamzito, ikashuka alipojifungua, na hapendi itajwe. Kitinda mimba wetu ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, lakini hilo ni jambo jingine; nalitaja tu ujue kwamba mama yetu ameona mengi.

Mchumba wangu anakaa Pangani na wazazi wake. Ni Waislamu wenzetu wa asili ya Punjab. Wazee wao walikuja enzi za kujenga reli. Tumejuana miaka minne, na miwili kati ya hiyo mama yake hakutaka hata kulisikia jina langu. Kisha akalainika. Baba yake hujidunga insulini palepale mezani mbele ya wageni, kama mtu anayejipaka mafuta. Mama mwenyewe anameza vidonge vya sukari.

Siku ya posa wazee wetu walisafiri usiku kucha. Maongezi yakaenda vizuri, mpaka mama wa mchumba wangu akauliza swali lake la mwisho: kwenu kuna maradhi gani ya kurithi? Kabla hajajibiwa akaongeza, huku anacheka, ila si kicheko cha mzaha: "Maana sukari nyumba hii tunayo ya kutosha. Ndiyo nikafurahi, damu yenu Waafrika ni safi, haina mambo haya." Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, akajibu: "Hakuna, alhamdulillahi. Ndugu yangu alichukuliwa na presha." Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya sambusa. Sikuiweka chini wala sikusema neno.

Tukiwa kwenye gari kurudi, shangazi akaninong'oneza kwamba Wahindi ndio wenye sukari, na watoto wangu wataipata pande zote mbili. Nikamwuliza, kama kwetu hakuna, huo upande wa pili ni upi? Akageuka akatazama nje.

Mwezi mmoja baadaye kulikuwa na kambi ya matibabu kazini. Nilipimwa kabla ya kula, ikasoma 6.6, na daktari akasema niko mpakani. Nikaenda kwingine wakanipima kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c: 5.6. Daktari wa pili akasema niko sawa kabisa. Mchana namwamini wa pili. Usiku namwamini wa kwanza.

Halafu kuna kaka yangu aliyeko Texas. Alituma mate yake kwa kampuni ya kupima vinasaba, ikamjibu kwamba uwezekano wake wa kupata sukari ni wa kawaida. Akaiweka karatasi kwenye kundi letu la WhatsApp na kuandika: "Damu yetu imepita mtihani." Ami akamjibu kwa vile vikono vya dua.

Nikaha ni baada ya Idi. Je, niufunue uongo wa ami na kumwaibisha mzee aliyetusimamia baba alipokufa? Ninyamaze, nikizaa watoto wagonjwa wakwe waje kulaumu damu yangu? Au niiamini karatasi ya kaka? Daftari la kliniki la baba bado ninalo, nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Sijui hata kwa nini nalihifadhi.

Mshika Sinia, South B

*

Waaleikum salaam, binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekuona umesimama na hiyo sinia. Kuna watu wanaobeba siri kwa kuamua. Wewe ulibebeshwa na mikono yako ilikuwa imejaa.

Kama nimekuelewa, hapa kuna maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Moja ni la mwili: nina nini, na watoto wangu watapata nini. La pili ni la ulimi: nani aambiwe, na nani aaibike. Umeyafunga pamoja kwa neno "damu", na si wewe peke yako. Ami amelitumia neno hilo, na mama mkwe mtarajiwa, na shangazi, na kaka yako huko Texas, kila mmoja kwa maana yake. Mimi si daktari. Ila nimeishi na wagonjwa wawili wa sukari chini ya paa moja, na mtu hujifunza kuuliza.

Nianze na mate ya kaka yako, maana ndiyo rahisi. Kampuni hizo huchukua herufi kadhaa za vinasaba vya mtu na kuzilinganisha na za watu waliokwisha kuchunguzwa. Uliza basi, watu gani? Kufikia mwaka 2019, karibu watu wanane katika kila kumi waliokuwa wameshirikishwa kwenye tafiti za aina hii duniani walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa kiasi cha wawili katika mia. Fundi aliyekata nguo kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine hajakudanganya, lakini usishangae ikikubana kwapani.

Jeni inayotajwa kuliko zote kwa sukari ya aina ya pili, TCF7L2, iliripotiwa 2006 na watafiti wa Iceland. Nakala moja ya umbo lake lenye hatari huongeza uwezekano kwa takriban mara 1.4. Umbo hilo liko Ulaya, liko Afrika Magharibi pia, lakini kwa Wajapani na Wachina ni adimu. Kwa hiyo watafiti wa Japani walipochunguza watu wao, jeni iliyojitokeza 2008 ilikuwa nyingine, KCNQ1. Mwaka 2019 uchunguzi wa zaidi ya watu 5,000 kutoka Nigeria, Ghana na Kenya ukaonyesha sehemu ambayo tafiti za Wazungu hazikuwa zimeitaja, ZRANB3. Wakenya wa uchunguzi huo walitoka Eldoret, si mbali na kwenu. Na 2024 hesabu kubwa ya zaidi ya watu milioni 2.5 ilifikisha sehemu 611 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu.

Mia sita na kumi na moja, mwanangu. Kila moja inavuta kidogo, hii huku na ile kule. Hakuna jeni moja ya sukari ambayo mtu anaweza kusema ninayo au sina. Tena kaka yako alichota nusu kwa baba na nusu kwa mama, nawe ukachota zako. Nyie si nakala ya mtu mmoja. Kwa hiyo damu yenu haikupita mtihani. Yeye alipita, na mtihani wenyewe ulitungwa kwa darasa jingine. Mkiwa na nyanya, baba na dada, mna kipimo cha zamani zaidi kuliko mate ya mtu yeyote.

Mama wa Pangani naye yuko sahihi nusu. Watu wa asili ya India na Pakistan hupata sukari wakiwa na umri mdogo zaidi na uzito mdogo zaidi kuliko Wazungu. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianzie kwenye kipimo cha uzito kwa urefu cha 23, badala ya kungoja 25. Lakini kutoka hapo hadi kusema damu ya Mwafrika ni safi, ameruka mto mzima. Wamarekani weusi na Waingereza weusi huugua sukari zaidi ya wazungu wa nchi hizo hizo. Na baba yako hakusoma popote kwamba watu weusi hawapati.

Ukitembea dunia utakuta kila kabila lina kisa chake. Wameksiko wana umbo la jeni SLC16A11 linalopandisha hatari, ambalo asili yake ni Neanderthal, wale binadamu wa kale waliotoweka. Kwa Wainuit wa Greenland, mwenye nakala mbili za badiliko fulani kwenye jeni TBC1D4 hatari yake huwa mara kumi. Huko Samoa kuna badiliko linaloongeza unene na wakati huohuo kupunguza sukari! Nimekutajia hilo kwa sababu ya baba yako mwembamba. Wembamba na unene havisemi kila kitu.

Ila kisa ninachokirudia kila mara ni cha Wapima. Hawa ni watu wa jamii moja waliogawanywa na mpaka: wengine wako Arizona, Marekani, wengine milimani Meksiko, wakilima kwa mikono. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta kwamba upande wa Arizona watu wazima 38 katika mia walikuwa na sukari. Upande wa Meksiko, kama saba tu. Ukoo ni uleule. Mama mkwe wako angeisemaje damu hiyo, safi au chafu?

Shangazi anaposema "pande zote mbili" anafikiria sukari kama maji ya ndoo mbili yanayomiminwa kwenye pipa moja. Haiendi hivyo. Mtoto huchota nusu huku na nusu kule, na haijulikani atachota zipi. Anaweza kutoka na mzigo mzito kuliko wenu nyote wawili, au mwepesi. Vitabu vya udaktari husema mwenye mzazi mmoja mwenye sukari ya aina ya pili ana uwezekano wa karibu 40 katika mia kuipata maishani, na mwenye wazazi wawili karibu 70. Namba hizo zimetoka zaidi kwa watu wa Ulaya, na wazazi hawarithishi jeni tu, hurithisha pia sufuria, na kiasi cha sukari kwenye chai. Lakini tuseme tunazishika hivyo hivyo. Binti yangu, ni nani hapo mwenye wazazi wawili? Katika barua yako yote unajihesabu wewe kuwa ndiye unayepeleka ugonjwa Pangani. Mchumba wako je, amewahi kupimwa?

Na kabla hujanijibu kwamba basi nyote mmekwisha: mwaka 2002 Marekani ilichapisha matokeo ya watu 3,234 waliokuwa mpakani kama ulivyoambiwa wewe. Waliosaidiwa kupunguza kiasi cha asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari yao kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa dawa ya metformin, ambao walipunguza kwa 31. Baadaye wakapimwa vinasaba. Waliokuwa na nakala zote mbili mbaya za ile jeni ya Iceland walifaidika pia. Dakika 150 ni kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya South B, siku tano za kazi, kwenda na kurudi. Siwezi kukuahidi kwamba kwako itakuwa asilimia ileile, hao walikuwa na uzito wa kupunguza na wewe hujaniambia wako.

Sasa nirudi kwenye neno ulilolitaja ukaliruka. Kitinda mimba wenu ana selimundu, "lakini hilo ni jambo jingine." Nadhani si jingine.

Mtoto hupata selimundu akipewa nakala mbili za jeni yake, moja ya baba na moja ya mama. Maana yake wazazi wenu wote wawili waliibeba, nakala moja moja, bila kuugua. Huko magharibi, kama ilivyo pwani, nakala hiyo ilidumu kwa sababu humkinga mtoto dhidi ya malaria. Wewe huna ugonjwa. Basi uwezekano kwamba umebeba nakala moja ni mara mbili katika tatu.

Kwa nini nalishikilia? Kwanza, kwa ajili ya namba zako mbili. Kipimo cha miezi mitatu huangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kinadhani chembe hizo zimeishi muda wa kawaida. Mwenye nakala moja ya selimundu mara nyingi husomeka chini kuliko sukari yake ilivyo. Kwa Wamarekani weusi, utafiti wa 2017 ulikuta tofauti ya kama 0.3. Mwaka huohuo wengine walionyesha kwamba umbo fulani la jeni G6PD, ambalo nalo lipo sana kwenye nchi za malaria, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo 5.6 yako huenda ni 5.6 kweli, na huenda inakubembeleza. Daktari wa pili hakukosea. Hakujua una ndugu mwenye selimundu kwa sababu hukumwambia, na hukumwambia kwa sababu ulidhani ni jambo jingine. Kuna kipimo cha tatu, kile cha kunywa glukosi na kutolewa damu tena baada ya saa mbili. Hicho hakitegemei umri wa chembe nyekundu. Unaweza kukiulizia.

Pili, kwa ajili ya watoto. Kwa watu wa asili ya Punjab kuna ugonjwa wa damu uitwao thalasemia, na wanaobeba nakala moja bila kujijua ni wengi kuliko watu wadhaniavyo. Ikiwa wewe umebeba selimundu na mchumba wako amebeba thalasemia ya aina ya beta, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa unaofanana na selimundu. Sisemi ndivyo ilivyo. Huenda hakuna kati yenu aliyebeba chochote. Nasema tu kwamba hapa, tofauti na sukari na sehemu zake 611, kuna swali lenye jibu: kipimo cha aina ya himoglobini, damu kidogo yako na yake. Familia mbili zimebishana juu ya urithi unaonong'ona, na ule unaosema wazi hakuna aliyeuliza.

Tuje kwa ami. Unauita uongo, nami sikukatazi. Ila mtu ambaye figo zimekataa mara nyingi huwa na presha pia. Huenda ndilo neno aliloambiwa hospitalini, akalishika hilo kwa kuwa halina aibu ya kidole kilichokatwa. Tena lile swali lilikuja na jibu lake tumboni. Mama alikuwa ameshaisifu damu yenu kabla ya mzee kufungua mdomo. Angemjibuje, mbele ya watu, baada ya safari ya usiku kucha? Simtetei. Najaribu tu kuona alipokuwa amekaa. Na mama yako mzazi alikuwa wapi siku hiyo? Barua yako haisemi, na yeye ndiye aliyemuuguza marehemu.

Unaweza kwenda kwa ami kwanza, faraghani, umwambie ulichosikia na ulichopimwa. Heshima yake itabaki, na huenda akataka kulirekebisha mwenyewe. Hatari ni kwamba akikukataza, hutaweza tena kusema bila kumwasi waziwazi.

Unaweza kumwambia mchumba wako, peke yake. Yeye ndiye utakayelala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja, na wa kwao hawaionei haya sindano. Hatari yake unaijua kuliko mimi: je, ni mwanamume wa kulibeba jambo siku mbili bila kulifikisha kwa mama yake? Na akilificha kwa ajili yako, tayari mna siri ya kwanza ya ndoa. Kuna wanaoanza na selimundu, waombe wapimwe wote wawili kabla ya nikaha, na mazungumzo ya sukari yakaingia kwa mlango huo. Ni njia laini, ingawa mtu mwerevu atakuja kujua ulipita mlango wa nyuma.

Unaweza pia kunyamaza. Wengi hunyamaza, na ndoa zao zinasimama. Lakini dada yako sukari ilimpanda mimbani, na siku utakayobeba mimba muuguzi atakuuliza: nani kwenu ana sukari? Huenda mama mkwe atakuwa amekaa kiti cha pembeni ameshika mkoba wako. Fikiria utajibu nini, na ukijibu kama ami, nani hatapimwa inavyopasa. Hapo tu ndipo kunyamaza kunapoacha kuwa suala la heshima peke yake.

Sikuchagulii. Siwajui watu wako, na wewe umeishi nao. Nakuuliza tu kama unaogopa kwamba watakukataa kwa sababu ya sukari, au kwa sababu miaka miwili walikukataa kwa jambo lingine ambalo hamkulimaliza. Maana mwenye insulini mezani hashtuki kwa insulini. Akishtuka, ameshtushwa na kitu kingine.

Kuhusu lile daftari: utakaporudi kwa daktari, litoe kwenye plastiki ulibebe. Umri wa baba alipogunduliwa, uzito wake, dawa alizoanza nazo, lini figo zilianza kulegea, yote yameandikwa humo na watu waliompima mwili wake mwenyewe. Daktari atataka kuyajua. Na siku ya kwanza nenda na dada yako mkubwa, kama atakubali.